Bi Kabla, Aliyetaka Kujua Kilichokuwepo Mwanzo

Leo, Jumatano tarehe 18 Septemba 2024, tunamsindikiza mama, bibi, dada, shangazi na mwalimu wa wengi mliosimama hapa. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu mazuri, lakini tukiyasoma yote nusu yenu mtageukiana kuulizana anayezikwa ni nani. Kwa hiyo tumwite alivyoitwa, Bi Kabla. Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Kabla, wa mdogo wake wakamwita Mama Kabla, na barua zilimfikia chuoni zikiwa zimeandikwa Bi Kabla, chumba namba 214, wala hakuna hata moja iliyopotea.

Programu mliyoshika ilichapwa mara mbili. Katika ile ya kwanza mume wake aliwekwa ukurasa wa mwisho, chini ya majirani. Hii ni ya pili. Sababu ya kuichapa upya tutaifikia, na kaka yake mkubwa ndiye aliyeagiza isomwe mbele ya watu wote bila kurukwa neno.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 1959, saa nne asubuhi, katika nyumba ya tatu kutoka kona, nyuma ya kiwanda cha chupa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yao alifanya kazi kwenye tanuru la kiwanda hicho, na mama yao alishona mashuka ya hospitali. Juu yake alikuwa Kaka Mkubwa, ambaye sote tunamjua, mpimaji ardhi mstaafu. Chini yake ni mdogo wao wa kike, mshonaji, aliyeurithi ufundi wa mama.

Nyumba ilijaa vyombo vya kioo, maana baba aliruhusiwa kuleta vilivyotoka kiwandani na kasoro. Siku moja mwaka 1967 jagi la bluu lilikutwa limepasuka kutoka mdomoni hadi kwenye mkono. Mama akauliza nani kalipasua. Kaka Mkubwa akasema, "Yeye ndiye aliyeosha vyombo." Ikaishia hapo, mtoto akachapwa. Alikuwa na miaka minane. Kesho yake alipoambiwa akaoshe vyombo alikaa chini, akakichukua kimoja kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akasema kwa sauti, "Hiki kina ufa tayari. Hiki kizima. Hiki kina ufa tayari."

"Wewe, unaosha au unakagua?" mama akamuuliza.

"Nakagua kabla, mama. Nikimaliza kuosha tukague tena."

Kuanzia siku hiyo vyombo vya nyumba ile vilioshwa polepole kuliko vya mtaa mzima. Na kila jambo lililotokea, awe ameungua mtu, amefeli mtu, ameibiwa mtu viatu, yeye alikuwa na swali lile lile: "Na kabla?" Jina likamganda.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972 akiwa wa pili darasani. Sekondari alisoma shule ya bweni ya wasichana. Huko mwalimu wa sayansi aliweka bilauri ya maji kwenye mizani, akaandika ubaoni uzito wa maji. Msichana wa benchi la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na bilauri tupu ina uzito gani?"

Mwalimu akamtazama, akaitazama mizani, akafuta ubao. Baadaye alimwandikia kwenye ripoti: "Ana kichwa kigumu. Msimlainishe." Ripoti hiyo ya mwaka 1975 ipo mpaka leo kwenye bahasha ya vyeti.

Baba yao alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Alianza kuumwa kiuno, akavimba miguu, akanyong'onyea. Watu wote walisema ni tanuru, moto umemkausha figo. Hakupimwa, wakati ule hata wa kumpima hakuwepo. Tunalitaja hili mapema kwa sababu marehemu mwenyewe angelitaja mapema.

Alipata shahada ya kwanza ya fizikia mwaka 1982, akabaki chuoni kama msaidizi wa maabara, kisha mhadhiri. Shahada ya udaktari aliipata mwaka 1994, binti yake akiwa na miaka minne na akimsubiri chini ya meza na kalamu za rangi. Alifundisha miaka thelathini na nne. Chumba chake, ghorofa ya pili, kilikuwa na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na ubao ambao kona yake ya juu kushoto haikufutwa kamwe. Kwenye kona hiyo aliandika neno moja tu, mnalijua.

Sasa kazi yenyewe. Wengi tulimuuliza miaka yote anafanya nini, na yeye hakuchoka kueleza, hata kwa sisi tulioishia madarasa ya chini. Alisema hivi. Ndani ya kila kitu kuna viini vidogo sana, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni, na ndani yao tena kuna vitu vidogo zaidi, kwaki, vimegandishwa na gundi yao iitwayo gluoni. Kuna mashine kubwa ya duara chini ya ardhi ambako viini vizito, vya madini ya risasi, vinakimbizwa kimoja huku kingine kule mpaka vinagongana uso kwa uso. Vikigongana vizuri, joto linapanda kupita la katikati ya jua, na zile protoni na nyutroni zinayeyuka. Kwaki na gluoni zinaogelea ovyo. Kwenye vitabu inaitwa plazma ya kwaki na gluoni. Yeye aliita supu.

"Na mnaiona hiyo supu?" Fundi, mume wake, aliwahi kumuuliza mezani.

"Haionekani. Ikishaiva tu imeshapoa. Tunaokota makombo yaliyoruka."

"Kwa hiyo mnajuaje kama ilikuwepo?"

"Ndiyo mshahara wangu huo, baba."

Njia moja ya kujua ilikuwa hii. Kuna kwaki nzito zinazoshikana mbili mbili kama mume na mke. Aliziita wenza. Ndani ya supu ya moto wenza wanaachana, kila mmoja anaelea upande wake. Kwa hiyo ukigonganisha viini halafu ukakuta wenza wachache kuliko ulivyotarajia, unasema wameyeyukia kwenye supu. Kundi lake lilihesabu miaka miwili. Katika kila wenza kumi waliotarajiwa, walionekana wanne. Sita hawapo. Mwezi Machi mwaka 2001 wakatangaza kwamba supu imepatikana na imekula sita. Aliyehesabu, siku na siku, alikuwa Bi Kabla, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye makala. Kiongozi wa kundi, profesa mmoja mnene, mcheshi, anayependa suruali za mikanda ya mabegani, alinunua keki.

Keki ilikatwa. Marehemu alisimama pembeni na kipande chake kwenye karatasi, bila kukila.

"Bi Kabla, mbona unaiangalia keki kama mgonjwa?" Profesa akauliza.

"Nawaza hao kumi, Profesa. Nani alituambia ni kumi?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ni kosa ambalo watu wa kazi nyingine wasingepata hata nafasi ya kulifanya. Ile kumi waliipata kwa kuhesabu kiini kama gunia la protoni zilizolegea, kila moja peke yake. Lakini ndani ya kiini zimebanana. Gluoni, ambazo zikigongana ndizo huzaa wenza, zinapandana na kutiliana kivuli. Alitueleza kwa picha ya harusi yake iliyo ukutani sebuleni. "Hesabuni vichwa," alisema. Tukahesabu kumi na saba. "Tulikuwa ishirini na mbili. Hakuna aliyeondoka. Watano wako nyuma ya kofia ya mama mkwe." Kwa hiyo huenda baadhi ya wale sita hawakuyeyuka. Huenda hawakuwahi kuzaliwa, kwa kuwa viini viliingia kwenye mgongano tayari vikiwa na gluoni pungufu.

Ili kujua, aliomba wiki mbili za mashine wagonganishe protoni moja, kitu kidogo, na kiini kikubwa cha risasi. Protoni moja haina kuni za kupika supu, lakini kile kivuli cha ndani ya kiini kiko pale pale. Upungufu wowote utakaoonekana hapo, supu haihusiki.

Profesa hakutaka. "Dada yangu, supu tumeshainywa, wewe unataka kunusa sufuria?"

"Nataka kuinusa kabla haijabandikwa jikoni."

"Na ukikuta inanuka?"

"Nitaandika inanuka."

Alipata hizo wiki mbili mwishoni mwa msimu, Novemba 2002, baada ya kuandika maombi mara nne. Jibu likatoka. Wawili kati ya wale sita walikuwa hawapo tangu mwanzo. Wanne tu ndio walioliwa na supu. Jina lililokuwa la kwanza kwenye tangazo likawa la kwanza kwenye masahihisho. Mwaliko wa kuhutubia mkutano mkubwa ulikwenda kwa mtu mwingine. Profesa hakumsemesha miezi kumi na moja, na walikuwa wanapishana kwenye korido pana kama mlango wa kabati.

Walipatanishwa na mashine ya fotokopi. Ilimeza karatasi ya Profesa, na aliyekuwa anajua kuitoa ni marehemu peke yake.

"Umenipunguzia supu yangu, Bi Kabla," Profesa akasema huku akiwa amepiga magoti upande wa pili wa mashine.

"Nimekupunguzia maji, Profesa. Iliyobaki ni nzito."

Profesa alicheka hadi mkanda mmoja ukafyatuka. Ndivyo alivyofanya kazi marehemu. Hakuwahi kusema hakuna supu. Alitaka kila kitu kipewe chake, cha mwanzo kiitwe cha mwanzo na cha moto kiitwe cha moto. Hata miaka ya baadaye, vijana wa chuo walipomletea habari kwamba kwenye ile migongano midogo nako huenda kuna tone la supu, hakununa. Aligonga meza kwa furaha. "Kwa hiyo kipimo changu nacho si safi! Haya, tafuteni kilicho safi zaidi."

Tulikumbuke neno hilo.

Ndoa yake ilianzia kwenye joto na baridi. Mwaka 1987 mtambo wa kupozea wa maabara ulikufa. Waliitwa mafundi wawili, kila mmoja akafika na kuuliza umeharibika nini. Wa tatu alikuwa kijana mwembamba mwenye begi la turubai. Aliweka begi chini, akashika bomba kwa kiganja, akauliza, "Kabla haujaharibika, ulikuwa unafikia baridi ya kiasi gani?"

Marehemu alisimulia kisa hiki kila mwaka na kila mwaka alisimama hapo hapo, akatutazama, akasema, "Nikajua nimeolewa."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Aprili 1988. Waliishi nyumba yenye geti la kijani, chumba cha mbele kikiwa karakana ya majokofu, ili kwenda sebuleni lazima upite katikati ya mafriji ya watu yaliyolazwa chali. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mjukuu mmoja wa miaka sita.

Kaka Mkubwa hakuifurahia ndoa hiyo, na ameruhusu isemwe. Aliona dada mwenye shahada zote zile anakwenda kulala nyuma ya mafriji. Alikuja harusini, alipigwa ile picha, kisha akaapa hatakanyaga kwa fundi. Akashika kiapo miaka thelathini na sita. Ila dada yake alimpenda, naye alimpenda dada yake, basi kila Jumapili saa kumi alikuja na kusimama getini. Marehemu alimwekea kiti cha plastiki cha kahawia nje ya geti, mguu mmoja umefungwa waya, na kukiita Kiti cha Kaka. Chai ilitolewa nje. Mvua ikinyesha, ulitolewa na mwavuli.

"Ingia ndani, Kaka, unalowa."

"Niko sawa hapa hapa. Hapa ni barabara ya serikali."

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima. Geti lenu limezidi sentimita arobaini."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Fundi alimsalimia kwa mbali, "Shikamoo, shemeji," akajibiwa, "Marahaba," na ikaishia hapo kwa wiki nzima.

Marehemu alianza kuumwa kichwa na shinikizo la damu mwaka 2016. Hakupenda kukatisha vipindi, kwa hiyo alimeza vidonge vya maumivu kama njugu, akivificha kwenye kopo la chaki. Mwaka 2021 vipimo vilionyesha figo zimechoka, na kuanzia tarehe 7 Februari 2022 akawa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kitanda cha dirishani, akisahihisha mitihani kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa na mirija.

Jumapili iliyofuata Kaka Mkubwa hakukaa kwenye kiti. Alisimama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka karakana, "Ni ile gesi ya mafriji. Ameivuta miaka thelathini na tatu. Nilisema mimi."

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la duka. Tarehe 3 Mei 2022 alifunga karakana. Mitungi ya gesi akaigawa. Akaanza kunawa mikono mpaka viwiko kabla ya kumshika mkewe, kila mara, kama daktari wa upasuaji. Alikuwa ameamini. Mtu aliyeishi na mwanamke wa "na kabla" miaka yote hiyo, aliposhtakiwa yeye hakuuliza kitu.

Marehemu alijua, na hilo lilimuuma kuliko sindano. "Umefunga kazi kwa ushahidi gani?" alimuuliza.

"Ushahidi si wewe hapo?"

"Mimi ni mgongano mkubwa, baba. Ndani yangu kuna kila kitu. Kwangu huwezi kutenganisha."

Akatafuta mgongano mdogo. Daktari alikuwa ameona figo zake zimejaa vifuko vya maji, na alisema kuna ugonjwa wa namna hiyo unaorithiwa, mtu anazaliwa na asili yake na vifuko vinakua polepole. Marehemu akamkumbuka baba yake. Akamwomba mdogo wake, mshonaji, akapimwe. Agosti 2023 mdogo akapimwa kwa ile mashine ya kupaka mafuta tumboni, akakutwa na vifuko hivyo hivyo. Nyumba nzima tukapumua. Kaka Mkubwa, kwenye kiti chake, akatikisa kichwa.

"Huyo naye alikaa kwa Fundi mwaka mzima alipokuwa anajifunza cherehani. Amevuta gesi hiyo hiyo."

Tulikasirika. Marehemu hakukasirika hata kidogo. "Ana haki," alisema. "Kipimo changu si safi."

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Watoto wa yule baba walikuwa watatu, na kati yao mmoja tu hakuwahi kukanyaga karakana ile, hata siku ya mvua. Alimwomba mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili tarehe 8 Septemba mwaka huu, wodini, amevimba miguu na sauti imepungua.

"Kaka, wewe ndiye safi pekee tuliyebaki naye. Chuki yako imekutunza vizuri kabisa."

Kaka Mkubwa alicheka, kisha akakunja uso kwa kujuta kucheka. "Mimi ni mzima. Mtu mzima apimwe nini?"

"Apimwe alichokuja nacho."

"Na wakikuta?"

"Wakikuta, Fundi analala usingizi. Wasipokuta, utakuwa umeshinda, na mimi mwenyewe nitaandika umeshinda. Sehemu nyingine nimeshajihesabia, ni vile vidonge vya kichwa, daktari kasema vimeongeza na ni kosa langu. Ya Fundi nimeitafuta, Kaka. Sijaiona. Lakini bila wewe siwezi kuapa."

Kaka Mkubwa alichukua kofia yake, akaaga, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Marehemu alifariki Alhamisi iliyofuata, tarehe 12 Septemba 2024, saa saba na dakika ishirini mchana, moyo ukisimama polepole, Fundi amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Swali lake alikufa nalo.

Ijumaa kikao cha familia kilikaa chini ya uongozi wa Kaka Mkubwa. Aliamua mume asiandikwe wa kwanza. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono imekauka kwa kunawa. Akasema, "Sawa, shemeji," tu. Hapo ndipo mdogo wao, ambaye ni mpole kwa kawaida, alipoinuka na futi yake ya kushonea shingoni.

"Kaka, umepima viwanja vya watu miaka thelathini. Umepima mpaka geti la dada. Tumbo lako moja linakushinda?"

Kikao kikafungwa.

Jumatatu, juzi, saa nane mchana, Fundi alikuwa peke yake kwenye karakana tupu akifagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Geti likalia. Kaka Mkubwa aliingia. Hakusimama nje. Alipita geti, akapita mlango, akasimama katikati ya ile karakana kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiangalia kuta kama mtu aliyeingia nchi ya watu. Mkononi alikuwa na bahasha ya hospitali, na nyuma yake alikuwa anaburuta kile kiti cha plastiki.

Akakiweka chini, akakaa, akampa bahasha.

"Vipo," alisema. "Vidogo, vichache, lakini vipo. Figo zote mbili. Daktari anasema asili yake nimezaliwa nayo, nimetoka nayo kwa baba. Nimemuuliza mara mbili kama kuna gesi ya kufanya hivyo. Amenicheka."

Fundi alisoma karatasi yote, mbele na nyuma, hata anwani ya hospitali. Kisha akakaa kwenye sakafu aliyoifagia, akalia kama hakuwahi kulia Alhamisi.

Kaka Mkubwa alimwacha amalize. Halafu akasema, akiangalia kofia yake, "Kuna na lile jagi la bluu. Mwaka sitini na saba. Nililipasua mimi."

Fundi akajifuta uso. "Alijua, shemeji."

"Alijua?"

"Alinionyesha. Alilitunza kabatini. Alisema siku ile asubuhi, kabla hujaenda nalo kuteka maji, lilikuwa zima."

Kaka Mkubwa akasema, "Ile programu ichapwe upya. Mume mbele. Na haya yote yaandikwe kama yalivyokuwa, nami niliyekosea niwemo. Alikwenda mbele ya dunia nzima akasema amekosea hesabu, mimi nitashindwa mbele ya majirani?"

Basi yameandikwa. Jagi la bluu liko pale kwenye meza ya picha yake, mtakaopita mtaliona. Ufa uko mahali pake.

Marehemu ameacha mume wake wa miaka thelathini na sita, Fundi, ambaye hakumfanya chochote kibaya. Ameacha binti mmoja, mkwe na mjukuu. Ameacha kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike, pamoja na watoto wao watano. Ameacha Profesa wake, aliyekuja leo na mikanda yake, na wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu bila kukosea. Wote wa damu yake wamekubali kupimwa. Mpaka jana watatu walishakwenda, na walipotoka walipitia kwa Fundi, walinywa chai ndani.

Pumzika, Bi Kabla, kwa amani uliyokuja nayo na hii uliyotuachia.